Bigwala si Tarumbeta, Imbalu si Jando: Uhakiki wa Namna Tunavyozisimulia Sanaa za Jadi za Busoga na Bugisu

Makala haya ni ya uhakiki, lakini kinachohakikiwa humu si riwaya wala diwani. Ni aya. Kila mwalimu aliyefundisha Kiswahili Jinja au Mbale anaifahamu aya hiyo, kwa kuwa imejaa katika vifungu vya ufahamu, katika miongozo ya fasihi simulizi na katika insha za wanafunzi wetu. Huanza kwa maneno "Kabla ya kuja kwa wakoloni". Huendelea kusema kwamba mababu zetu walikuwa na ngoma, nyimbo, matambiko na jando. Kwamba sanaa hizo ziliburudisha, zilielimisha na kudumisha umoja. Kisha humalizika kwa masikitiko kuwa ukoloni ulikuja ukaziua. Mwanafunzi akiiandika hivyo hupata alama zake. Hakuna anayemwuliza ni ngoma ipi, ya nani, inapigwaje, na iliuawa mwaka gani.

Dai langu ni kwamba aya hii ni mbovu kwa lugha na ni mbovu kwa historia, na kwamba ubovu wake unatugharimu sisi wa mashariki ya Uganda kuliko wenzetu wa pwani. Kiswahili kilipewa nafasi ya lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Hivyo basi, mtoto wa Kaliro au wa Bududa, ambaye nyumbani kwao amesikia embaire au amemfuata kaka yake akicheza imbalu, atakutana na mambo hayo kwa mara ya kwanza katika Kiswahili akiwa darasani kwetu. Tukimpa maneno yasiyofanana na alichokiona kwa macho yake, atahitimisha kwamba lugha hii ni ya kusemea mambo ya watu wengine. Wengi wa wazazi wake tayari wanaamini hivyo, maana waliisikia kwanza kwa askari.

Tuanze na neno ngoma. Ni neno lenye baraka nyingi: ni ala, ni mchezo, ni hafla nzima, na kwa watu wengine ni hata jambo la kupunga pepo. Pwani upana huo hauna madhara, kwa sababu msikilizaji anaijua hafla inayotajwa. Ukimwambia kuna ngoma usiku, ataongeza mwenyewe yaliyobaki. Ila ukiandika kwamba "Wasoga walikuwa na ngoma ya bigwala", hujasema uongo, na bado hujasema lolote. Msomaji wa Tanga au wa Morogoro atawazia ngozi na fimbo. Hatajua kamwe kwamba katika bigwala kinachotangulia ni pumzi.

Bigwala ni vibuyu virefu vilivyoungwa pamoja vikawa mfano wa pembe za kupuliza. Seti moja huwa na vitano au zaidi, kila kimoja na urefu wake, na kila kimoja kinatoa sauti moja tu. Hili ndilo jambo la kwanza linalopaswa kusemwa na mhakiki, na ndilo ambalo aya yetu haijawahi kulisema. Mpulizaji wa bigwala hana wimbo. Ana sauti moja, na ana kimya. Wimbo unatokea pale kila mmoja anapoitia sauti yake mahali pake, baina ya sauti za wenzake, kisha akanyamaza kuwapisha. Mmoja akichelewa, wimbo unatoboka, na tobo lenyewe linasikika hadi kwa aliyesimama mbali. Waimbaji huingia baadaye, na baada yao wachezaji, ambao huwazunguka wapulizaji wakitikisa viuno taratibu na kuinua mikono. Mwisho watazamaji nao wanaingia kwa vigelegele na makofi, na ule mpaka baina ya mwenye sanaa na mtazamaji unapotea.

Wataalamu wa muziki wana istilahi zao kwa mtindo huu. Kiswahili tunaweza kusema ni kupokezana sauti, na neno hilo linatosha kabisa, kwa sababu kupokezana ndiko tunakokufanya tunapobeba mzigo mmoja watu wengi. Wala Wasoga hawako peke yao duniani. Katika milima ya kaskazini ya kisiwa cha Luzon, nchini Ufilipino, Wakalinga wana vipande vya mianzi viitwavyo tongatong ambavyo hugongwa chini. Kila kipande kina sauti yake, na wimbo hutokana na wagongaji kadhaa kuingiliana. Watu wawili wasiojuana, wa mabara mawili, wamefikia wazo lilelile: kwamba wimbo unaweza kuwa mali ya kundi kwa namna ambayo hakuna mtu mmoja anayeweza kuondoka nao kwenda nyumbani.

Sasa tuliweke wazo hilo mbele ya maneno tuliyo nayo. Wanafunzi wengi hutafsiri bigwala kuwa tarumbeta. Tarumbeta ni ala ya shaba ya bendi, na mpigaji wake mmoja anaweza kukupigia wimbo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Wengine husema baragumu au mbiu, na hapa tunasogea karibu kidogo, lakini mbiu hupigwa ili watu waje kusikia jambo. Ikilia, ina jambo. Bigwala vyenyewe ndivyo jambo. Neno linalovutia zaidi ni siwa, kwa sababu siwa pia ni chombo cha kifalme. Siwa ya pembe ya ndovu ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu zilikuwa alama za utawala, na zilipulizwa katika hafla kubwa za wenye mamlaka. Bigwala navyo vilipulizwa katika kutawazwa na kuzikwa kwa watawala. Lakini angalia tofauti ya umbo: siwa ni moja, ya thamani kubwa, inahifadhiwa, na anayeimiliki ana ushahidi wa ukuu wake. Bigwala ni vibuyu vilivyotoka shambani, na kimoja kikichukuliwa peke yake hakina thamani yoyote ya muziki. Ukuu wa mtawala wa Busoga ulisemwa na watu watano wasioweza kusema lolote mmoja mmoja. Mimi naona hiyo ni fikra nzito ya kisiasa, na inasikitisha kwamba tunaipunguza ikawa "mababu zetu walipiga tarumbeta".

Nimetaja mtawala wa Busoga, na hapo ndipo aya yetu inapoteleza kwa upande wa historia. Wanafunzi huandika kwamba bigwala ni muziki wa kabla ya ukoloni wa mfalme wa Busoga. Kabla ya ukoloni hapakuwa na mfalme wa Busoga. Palikuwa na watawala wengi, kila mmoja na himaya yake: Zibondo wa Bulamogi, Gabula wa Bugabula, Ngobi wa Kigulu, Tabingwa wa Luuka, Wakooli wa Bukooli, na wengine wengi wadogo kwao. Cheo cha Kyabazinga kwa maana ya mkuu mmoja wa Busoga nzima kilikuja chini ya Waingereza, na wa kwanza kukishika, Ezekiel Tenywa Wako, alitambuliwa mwaka 1939. Hivyo bigwala vilikuwa vya watawala wengi kabla ya kuwa sauti ya mmoja, na hiyo sura ya muziki wa taifa zima la Wasoga ina umri mdogo kuliko baadhi ya majengo ya Barabara Kuu ya Jinja.

Na je, ni nani aliyevinyamazisha? Aya yetu inajibu upesi: mkoloni. Ukweli ni mchungu zaidi. Falme zilifutwa na Katiba ya mwaka 1967, chini ya serikali ya Waganda huru, miaka 5 baada ya uhuru. Penye kutawazwa hapakuwa tena na wa kutawazwa. Wapulizaji walikosa hafla, na walipokosa hafla, wakulima hawakuona sababu ya kupanda vibuyu visivyolika. Falme ziliporudishwa mwaka 1993 na Henry Wako Muloki akatawazwa Kyabazinga mwaka 1995, kulikuwa na kiti cha enzi ila vibuyu vilikuwa haba. UNESCO ilipoandikisha bigwala mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, walikuwa wamebaki wazee wanne tu wenye ujuzi wa kuvitengeneza, kuvipuliza na kuvichezea. Kazi ya kufufua, ambayo James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo ni mmoja wa walioisimamia, ilibidi ianzie shambani: vijana wafundishwe kupanda kibuyu chenyewe kabla ya kufundishwa kukipuliza.

Ndugu msomaji, jiulize ni mwanafunzi gani wa fasihi simulizi aliyewahi kuandika kwamba sanaa inaweza kufa kwa kukosa mbegu. Ile aya haimruhusu. Imekwisha kumpa muuaji, na imempa sababu tayari.

Kuhusu embaire nitasema machache, ingawa inastahili makala yake yenyewe. Kamusi zetu zitatupa neno marimba. Tatizo ni kwamba marimba katika Kiswahili ni ala mbili: ile ya mabao ya kugongwa, na ile ya vijiti vya chuma vya kubonyezwa kwa vidole gumba, ambayo sehemu kubwa ya Tanzania inaijua kupitia Wagogo na marehemu Hukwe Zawose. Msomaji wa Dodoma akisoma "marimba ya Wasoga" ataona kitu cha kupakatwa. Embaire haipakatwi. Mabao yake, ambayo katika zile kubwa hufika 20 na kuzidi, hulazwa juu ya magogo ya migomba, pengine juu ya shimo lililochimbwa ili sauti ivume, na wapigaji sita au zaidi hukaa pande zote mbili wakitazamana. Hapa pia ni kupokezana: mmoja anaanza, mwingine anaziweka noti zake katika nafasi za katikati. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyejifunza ala za aina hii hapa Uganda, alieleza mwaka 1962 jinsi sikio la msikilizaji linavyozikusanya noti za wapigaji mbalimbali na kusikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga. Mtu akikuuliza ubunifu wa pamoja ni nini, mpeleke huko badala ya kumpa fasili.

Kwa bahati, embaire haikupatwa na yaliyovipata bigwala. Haikumtegemea mfalme. Kundi la Nakibembe lilitoa albamu mwaka 2023 kwa lebo ya Nyege Nyege, ile ya waandaaji wa tamasha lililoanza mwaka 2015 kando ya Naili karibu na Jinja. Jina hilo linasemekana katika Kiganda kumaanisha hamu isiyozuilika ya kucheza. Katika Kiswahili, wenzangu, linamaanisha hamu ya aina nyingine, na nimewaona walimu wa heshima wakikohoa linapotajwa. Liwe somo zuri la semantiki kwa wale wanaodhani kwamba maneno ya Kibantu yanayofanana ni ndugu wa tumbo moja.

Tuiache Jinja, tufuate barabara ya Iganga na Tirinyi hadi Mbale. Safari hii iliwahi kufanywa kinyume na mtu aliyeacha alama miji yote miwili, Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyeweka makao yake Mbale mwanzoni mwa karne ya 20, akahamishiwa Busoga mwaka 1906 kuwa rais wa Lukiiko, kisha mwaka 1913 akarudi Mbale. Utawala wa namna ya Kiganda na lugha ya Kiganda vilienezwa kwa njia hiyo, na ndiyo maana wazee wengi wa pande hizi wana majina mawili kwa mambo yao, la kwao na la Kiganda. Nalitaja hili ili tusidhani kwamba neno la pwani ndilo la kwanza kuwekwa juu ya neno la wenyeji. Imbalu ilikwisha kutafsiriwa mara nyingi kabla Kiswahili hakijaigusa.

Kiswahili kilipoigusa kiliipa majina mawili, tohara na jando. Yote mawili yanapotosha, kila moja kwa namna yake. Tohara asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ni usafi. Neno hilo linabeba udhu, ibada na mtoto mdogo. Imbalu haifanywi kwa mtoto mdogo na haitafuti usafi. Jando linaonekana kufaa zaidi, kwa kuwa linahusu kumvusha mvulana awe mtu mzima. Lakini jando, kama tunavyolifundisha katika fasihi simulizi, lina umbo maalumu: wavulana wanatengwa, wanapelekwa kumbini, wanafichwa machoni pa wanawake na pa wasiotahiriwa, wanafundishwa kwa nyimbo na mafumbo, kisha wanarudishwa nyumbani wakiwa watu wapya. Kiini chake ni siri.

Kiini cha imbalu ni hadhara. Kijana, mara nyingi wa miaka baina ya 16 na 22, anatangaza mwenyewe kwamba mwaka huu ni wake. Anajifunza kucheza, anavaa shanga na kengele, anapakwa unga, anazunguka kwa jamaa zake, wajomba na shangazi, akicheza kila boma huku umati ukimfuata na kadodi zikirindima. Anafanya haya yote mchana kweupe. Siku yake inapofika anasimama katika uwanja wa baba yake, mbele ya mama zake, dada zake, jirani na wapita njia, akishika fimbo iliyolazwa mabegani, na ngariba anafanya kazi yake. Hapaswi kupepesa macho. Jando humficha mvulana ili arudi akiwa mwanamume. Imbalu humweka wazi ili watu wote wawe mashahidi kwamba aliyesimama pale musinde ameondoka umusani. Ukitafsiri moja kwa jina la lingine, umegeuza tamthilia ya uwanjani kuwa darasa la faragha.

Na ni tamthilia kweli. Wahakiki wetu hupenda kuuliza kama Afrika ilikuwa na drama kabla ya kuja Wazungu, na hujibu kwa kuokoteza vipande vya matambiko. Hapa, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu unazinduliwa mwezi Agosti katika uwanja wa Mutoto, nje kidogo ya Mbale, mahali ambapo masimulizi yanasema Mmasaba wa kwanza alitahiriwa kwa sababu ya Nabarwa, mwanamke wa upande wa Wakalenjini aliyekataa kuolewa na mwanamume asiyetahiriwa. Kuna maleba, kuna jukwaa, kuna hadhira inayojua kila hatua na isiyosamehe kosa. Kuna hata taharuki, ambayo waandishi wengi wa tamthilia darasani kwetu wameishindwa: mpaka sekunde ya mwisho hakuna anayejua kwa hakika kama kijana atasimama.

Hata hivyo, kuhakiki si kusifu tu. Ile aya yetu ya insha ina upofu mwingine: kwamba cha jadi ni kizuri. Magazeti yameripoti mara kadhaa visa vya wanaume wazima waliokwepa imbalu kukamatwa barabarani au kazini na kutahiriwa kwa nguvu, umati ukishangilia. Watetezi husema huo ndio utamaduni. Mimi nasema, kwa kutumia vigezo vya sanaa yenyewe, kwamba huo ni uharibifu wake. Fani nzima ya imbalu imejengwa juu ya kijana kusema "nataka" kwa kinywa chake na kwa miguu yake kwa siku nyingi kabla ya kisu. Suzette Heald, mwanaanthropolojia aliyekaa Bugisu miaka ya 1960 na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1989, aliona wazi kwamba uzito wa jambo hili uko katika hiari ya anayesimama. Ukiiondoa hiari, kinachobaki ni watu wenye nguvu, mtu aliyeshikwa na kisu. Mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuruhusiwa kuandika hivyo bila kuambiwa kuwa anatukana mila.

Kadodi nazo zina mambo yao. Leo hukodiwa harusini, katika kampeni za uchaguzi na katika uzinduzi wa bidhaa Kampala, na wapo wanaolia kwamba zimenajisiwa. Sioni hivyo. Mpiga ngoma naye anakula. Ninachokiona ni kwamba kadodi ikitolewa katika imbalu inapoteza kijana wa kuongozwa, kwa hiyo wapigaji huongeza kasi na mbwembwe kufidia upungufu huo, na mara nyingi hawafaulu. Huo ni uhakiki wa kisanaa, na unaweza kujadiliwa kwa kusikiliza. Kilio cha unajisi hakiwezi kujadiliwa.

Nirudi kwenye yale maneno "kabla ya ukoloni". Yanatufundisha kuona wakati kama chumba kimoja kikubwa ambamo mababu wote walikaa pamoja. Nenda Kumi, kaskazini ya Mbale, ukaitazame michoro ya Nyero: miviringo ndani ya miviringo, kwa rangi nyekundu, juu ya mwamba. Haikuchorwa na mababu wa Wateso wanaoishi hapo leo; waliochora walikuwa watu wa kale zaidi, wawindaji, na walikwisha kutoweka sehemu hizo. Nyero ni kabla ya ukoloni, bigwala vya Zibondo ni kabla ya ukoloni, na Nabarwa pia ni kabla ya ukoloni, lakini baina yao huenda kuna karne nyingi kuliko zilizopo baina yetu na wao. Kwa upande mwingine, cheo cha Umukuuka, mkuu wa kitamaduni wa Wamasaba, ambacho baadhi ya wanafunzi hukiandika kama cha jadi, kilianza kushikwa mwaka 2010. Wamasaba hawakuwa na mfalme, na kwa watu ambao kila kijana husimama peke yake uwanjani, labda haishangazi.

Wafilipino wamepita njia hii kabla yetu, na kisa chao kinafaa kusimuliwa darasani. Matuta ya mpunga ya Waifugao, yaliyochongwa katika milima ileile ya Luzon, yalifundishwa kwa vizazi kadhaa kuwa na umri wa miaka 2000, ushahidi wa ustaarabu wa kabla ya Wahispania. Wanaakiolojia wakiongozwa na Stephen Acabado walipochimba, walipata kwamba kilimo cha mpunga wa matutani kilipanuka huko yapata miaka 400 iliyopita, yaani wakati Wahispania walikwisha kufika nyanda za chini na watu walikuwa wakipanda milimani kuwakwepa. Wapo walioona habari hiyo ni kashfa. Mimi naiona ni sifa kubwa zaidi: matuta yale yanakuwa kazi ya watu waliokataa kutawaliwa, wakajenga. Neno "kabla" lilikuwa linawanyima sifa hiyo.

Tufanye nini, basi, kesho asubuhi darasani? Pendekezo langu ni dogo. Jina la mwenyeji libaki, na Kiswahili kifanye kazi ya kueleza. Sarufi haitatusumbua kama tunavyohofu. Kiambishi bi- cha Kisoga ni vi- yetu, kwa hiyo "bigwala vinapulizwa" ni sentensi ambayo mtoto wa Busoga ataielewa upatanisho wake haraka kuliko mtoto wa Dar es Salaam. Imbalu na embaire zinaingia katika I-ZI bila kupiga hodi. Kadodi ndiyo yenye ubishi, maana ka- ya kudunisha haina makao katika Kiswahili sanifu. Mimi husema "ngoma za kadodi" na kusonga mbele. Halafu, kila mwanafunzi anayeandika "sanaa hii iliburudisha na kuelimisha" aulizwe: ilifanyaje? Kwa sauti ngapi? Nani alisimama wapi?

Limebaki neno moja linalonishinda, nalo ni lirima. Kwa Wamasaba, lirima ndilo humshika kijana wakati wa imbalu na kumwezesha kusimama. Na ndilo hilohilo humshika mtu mzima akampiga jirani yake kwa sababu ya mpaka wa shamba. Nimejaribu hasira, lakini mtu mwenye hasira hasifiwi, na kijana wa imbalu anasifiwa. Nimejaribu ushujaa, lakini ushujaa hauogopwi na majirani. Ghadhabu ni ya Mungu na ya wafalme. Ari ni safi mno, haina damu. Uchungu unakaribia, hasa katika ile maana ya kuwa na uchungu na jambo, ila uchungu unaumia ndani, na lirima hutoka nje. Mori, lile linalomshika mpiganaji, nimelipenda kuliko yote, mpaka mwanafunzi mmoja alipouliza kama mori unaweza kumshika mtu kwa sababu ya wivu. Lirima linaweza. Walimu wenzetu wa Bungoma, ambao Wabukusu wao wanaipata imbalu kwa miaka ileile ya shufwa, huenda wana neno wanalolitumia darasani. Walilete, nasi tutalijaribu katika sentensi.